Nani Aliandika Jina Lako?

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita, baada ya kumaliza kazi hapa studio, nilikwenda kusimama kituo cha basi pamoja na wenzangu tukisubiri usafiri. Kijana mmoja akanitazama, kisha akaniamkia: "Shikamoo mzee. Sauti yako naifahamu." Nikaitikia marahaba. Hakupoteza muda. "Naomba nikuulize mzee. Sisi tunapanga mstari tangu alfajiri kumchagua mbunge. Halafu tunasikia redioni kwamba kuna watu wameteuliwa, wanaapishwa, na wao wanaitwa waheshimiwa. Hao nani aliwapigia kura? Jambo hili lilianzia wapi?" Kabla sijafungua kinywa basi likafika, nanyi mnayajua mambo ya basi la jioni. Yeye akafanikiwa kuingia, mimi nikabaki chini. Nilimpungia mkono na kumwahidi kwamba nitamjibu hapa. Leo natimiza ahadi.

Jibu fupi ni kwamba katika nchi hii kuteuliwa kulitangulia kuchaguliwa. Tangu mwaka 1926 hadi 1958, muda wa miaka 32, kila aliyeketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika aliketi ama kwa cheo chake Serikalini, ama kwa sababu Gavana aliandika jina lake. Hapakuwa na sanduku la kura, hapakuwa na mkutano wa kampeni, wala hapakuwa na mpiga kura wa kumwuliza mjumbe alichosema huko barazani. Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya utawala, na ilichukua jasho jingi kuibadili.

Hebu turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa. Kwa miaka ya mwanzo Gavana alitunga sheria akisaidiwa na maofisa wake wakuu tu. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, ndipo lilipoundwa Baraza la Kutunga Sheria, na mwezi Desemba mwaka huo likakutana kwa mara ya kwanza. Mbali na Gavana mwenyewe, walikuwamo maofisa 13 wa Serikali. Upande wa pili walikuwapo wajumbe 7 wasio maofisa: Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwapo hata mmoja.

Tazameni jinsi mlango ulivyofungwa kwa kufuli mbili. Kufuli ya kwanza ilikuwa hesabu. Maofisa walikuwa wengi kuliko wasio maofisa, na ofisa alitakiwa kupiga kura pamoja na Serikali yake, apende asipende. Kwa hiyo hata kama wale 7 wangekubaliana wote jambo moja, wasingeweza kuishinda Serikali. Kufuli ya pili ilikuwa kalamu. Hao 7 wenyewe waliteuliwa na Gavana. Walioitwa kuikosoa Serikali walikuwa wamechaguliwa na Serikali hiyo hiyo wanayotakiwa kuikosoa.

Je, Mwafrika alikosekana kwa sababu gani? Cameron hakuwa mtu wa kuwadharau Waafrika kama walivyokuwa baadhi ya masetla wa siku zile, na mara kadhaa aligombana nao. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba hakupatikana Mwafrika anayejua Kiingereza cha kutosha kushiriki katika mijadala. Pia aliamini kwamba Mwafrika anawakilishwa kwao na chifu wake katika baraza la kienyeji, na kule Dar es Salaam anasemewa na Gavana pamoja na ofisa aliyeshughulikia mambo ya wenyeji. Mimi nikiisoma hoja hiyo leo najiuliza swali moja dogo. Wilayani kote Serikali hiyo ilikuwa ikizungumza na watu kwa Kiswahili: kodi ilidaiwa kwa Kiswahili na amri zilisomwa kwa Kiswahili. Kama lugha ilitosha kumtoza mtu kodi, kwa nini haikutosha kumpa nafasi ya kusema kodi hiyo itumikeje? Badala ya Baraza kujifunza lugha ya watu, watu waliambiwa wangoje mpaka wajifunze lugha ya Baraza. Wakangoja miaka 19.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyotikisa mambo. Vijana wa Tanganyika walipelekwa kupigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliporudi mwaka 1945, dunia haikuwa tena ile waliyoiacha. Mwaka huo ndipo Waafrika wawili wa kwanza walipoteuliwa: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Baada yao wakaongezwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe na Mwalimu Juma Mwindadi wa Dar es Salaam. Wakawa wanne. Kati ya wanne hao, watatu ni machifu.

Hapa nataka tuende polepole, kwa sababu ni rahisi kuwacheka machifu wale tukiwa tumekaa vitini mwetu leo. Hawakuwa watu wajinga. Kidaha alikuwa amesoma Makerere, na baadaye Oxford. Adam Sapi alikuwa mjukuu wa Mkwawa, yule aliyepigana na Wajerumani mpaka risasi ya mwisho. Lakini fikirini hali yao. Chifu alilipwa mshahara kutoka hazina ya kienyeji iliyosimamiwa na Mkuu wa Wilaya. Uchifu wake ulitambuliwa na Gavana, na Gavana aliweza kuufuta. Kiti chake barazani alipewa na Gavana. Halafu mtu huyo asimame mbele ya Gavana huyo huyo, kwa Kiingereza, aseme kwamba kodi ni kubwa au kwamba ardhi ya watu imechukuliwa. Alipokaa kimya, watu wa nyumbani walisema ametekwa. Aliposema, wakubwa walimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu mwema aliyewekwa mahali pabaya hupoteza nusu ya wema wake, na kosa si lake peke yake.

Nje ya Baraza, watu hawakulala. Chama cha TAA, ambacho wengi wa wanachama wake walikuwa makarani, walimu na waganga, kilipeleka waraka kwa Kamati ya Katiba mwaka 1950, na miongoni mwa madai yake ni kwamba Waafrika waanze kuchagua wawakilishi wao wenyewe. Kamati ilikaa, ikatembea, ikaandika. Ilichopendekeza ni usawa wa viti kati ya mataifa matatu: Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Serikali nayo mwaka 1953 ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mnaelewa maana yake. Siku zile Mwafrika aliyesoma alikuwa mtumishi wa Serikali, kwa maana kazi nyingine hazikuwapo. Kwa hiyo waliokuwa na elimu ya kusema walifungwa mdomo kwa mshahara.

Mwaka 1955 ukaja huo ulioitwa usawa. Viti vya wasio maofisa vikawa 30: Wazungu 10, Waasia 10, Waafrika 10. Upande wa Serikali ukawa na viti 31. Ndugu wasikilizaji, hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Wajumbe 30 wote wakiungana, Serikali inabaki na mmoja wa kuwashinda. Na usawa wenyewe ulikuwa wa namna gani? Sensa ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba Waafrika walizidi milioni 8 na nusu, Waasia na Waarabu kwa pamoja hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa karibu 20,000. Kila kundi viti 10! Tena viti vyote 30 bado vilijazwa kwa kalamu ya Gavana. Idadi ilibadilika, lakini mkono unaoandika ulikuwa ule ule.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa habari hii. Mwalimu Julius Nyerere aliingia barazani kwa mara ya kwanza mwaka 1954, naye kwa kuteuliwa, akiwa mjumbe wa muda kushika nafasi ya Kidaha, ambaye alikuwa katika Tume ya Kifalme iliyokuwa ikichunguza mambo ya ardhi na uchumi wa Afrika Mashariki. Mwaka huo huo, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa. Miaka mitatu ikapita. Mwanzoni mwa mwaka 1957 Serikali ilimpiga marufuku Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara. Halafu, katikati ya mwaka huo huo, Gavana Sir Edward Twining akamteua kuwa mjumbe wa Baraza, pamoja na Rashidi Kawawa.

Tafakarini jambo hilo. Serikali ile ile iliyomnyamazisha uwanjani mbele ya maelfu ilimfungulia mlango aende kusema ndani ya ukumbi, mbele ya watu 60 ambao kura zao zilikwisha kujulikana. Angekataa, wangesema hataki kushirikiana. Angekubali na kukaa, wangesema amekwisha kuwa mwenzetu. Nyerere alikubali. Akaenda, akapendekeza mabadiliko katika mpango wa uchaguzi uliokuwa unaandaliwa, na mapendekezo yake yakakataliwa. Mwezi Desemba 1957, kabla ya kutimiza hata miezi mitano, akajiuzulu. Alieleza kwamba angekuwa anawadanganya watu na kukidanganya chama chake kama angeendelea kukaa barazani akipokea posho na kuitwa mheshimiwa, huku watu wakidhani kwamba kuna kazi anayoifanya kwa ajili yao.

Kwa nini nasema huu ndio moyo wa habari? Kwa sababu kitendo kile kilionyesha kwamba kiti na uwakilishi ni vitu viwili. Gavana aliweza kutoa kiti. Uwakilishi hakuwa nao, basi angeutoa wapi? Mtu aliyekiacha kiti hakupoteza hata mfuasi mmoja, na waliobaki vitini hawakuongezewa hata mmoja.

Lakini kuacha kiti ni jambo moja, na kuibadili mila yenyewe ni jambo jingine. Uchaguzi wa kwanza ulipangwa kufanyika mwaka 1958, nao uliwekewa masharti magumu. Ili uandikishwe ilikubidi uwe na umri wa miaka 21, na uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe umesoma hadi darasa la 8, au uwe umeshika mojawapo ya nyadhifa zilizotajwa. Na juu ya hayo kulikuwa na sharti la kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukichagua Mwafrika peke yake, kura yako inatupwa.

TANU ilikutana Tabora mwezi Januari 1958, na chama karibu kipasuke. Wengi walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba uchaguzi wa namna hiyo ni matusi na kwamba dawa yake ni kuususa. Nyerere akawaambia kwamba wakisusa, viti vyote vitakwenda kwa wapinzani wao, na nchi itakaa miaka mingine ikiwasubiri. Hatimaye mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi ule unajulikana hadi leo kama uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitoa, akaanzisha chama chake cha Congress. Simlaumu mtu aliyekataa kuinama. Lakini matokeo yalikuwa shahidi.

Walioweka sharti la kura tatu walidhani kwamba Mwafrika atalazimishwa kuwapeleka barazani Wazungu na Waasia wa upande wa Serikali. Hawakuona upande wa pili wa shilingi. Kama kila mpiga kura anachagua watatu, basi Mzungu anayetaka kiti hana budi kuomba kura kwa Mwafrika, kwa kuwa katika majimbo mengi Waafrika ndio waliokuwa wengi, hata kwa masharti yale. TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na siasa yake, watu kama Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Katika Jimbo la Mashariki Nyerere alipata kura 2,628, na mshindani wake, Patrick Kunambi, alipata 802. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na waliopita ni wale waliokuwa upande wa TANU. Mtego uliotegwa kwa kongoro ukamnasa mtegaji.

Sasa, msikilizaji mwenye kupenda kupekua atauliza: jirani zetu je? Kenya walikuwa na Baraza tangu mwaka 1907, na Wazungu wa huko wakapata haki ya kupiga kura tangu mwaka 1920. Waafrika wao tangu 1924 walisemewa na mmisionari Mzungu, Dokta John Arthur, naye kwa kuteuliwa. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, na Waafrika wakapiga kura kwa mara ya kwanza Machi 1957. Kwa hiyo kati ya kura ya Mzungu na kura ya Mwafrika wa Kenya ilipita miaka 37. Katika miaka hiyo Mzungu alizoea kukiona kiti chake kama urithi wa baba yake. Zanzibar nao walichagua wajumbe wao 6 wa kwanza mwezi Julai 1957.

Tanganyika tulikuwa tofauti. Mila ya kuteuliwa ilimbana hata Mzungu. Setla wa Arusha na mkulima wa mkonge wa Tanga hawakuwa na kura, kama mkulima wa pamba wa Usukuma asivyokuwa nayo. Kura ilipokuja, ilikuja kwa wote kwa wakati mmoja, na katika orodha moja ya wapiga kura. Hapakuwa na kundi lililokwisha kulizoea sanduku kwa miaka 30 na kulifanya mali yake. Maoni yangu ni kwamba hiyo ni moja ya sababu za nchi yetu kuvuka bila kumwaga damu. Gavana hakukusudia neema hiyo, lakini neema haiulizwi ilikopitia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Agosti 1960 ulifanyika uchaguzi mwingine, viti 71, na TANU ikachukua 70. Wagombea wake 58 walipita bila kupingwa. Kiti kimoja, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea wa chama. Tarehe 9 Desemba 1961 tukajitawala. Na yule Chifu Adam Sapi, aliyeingia barazani kwa kalamu ya Gavana, akaja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru kwa miaka mingi. Ndiyo maana nilisema tusiwacheke machifu wale. Mtu mmoja anaweza kuanza kwa kuteuliwa na akamalizia kwa kuheshimiwa na watu. Kinachomtofautisha ni kazi anayoifanya akiwa njiani.

Narudi kwa kijana wangu wa kituo cha basi. Mila ya kuteua haikuondoka na Gavana. Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kuteua wabunge wasiozidi 10. Wanaoitetea wanasema kwamba wapo wataalamu na watu wenye busara ambao wasingeweza kusimama jukwaani kuomba kura, na Bunge linawahitaji. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Mtu mnyamavu anaweza kuwa na akili kuliko mwenye sauti kubwa. Tena tofauti ni kubwa: Gavana alitumwa kutoka London, Rais anachaguliwa na wananchi, na nafasi zenyewe ni chache katika Bunge lililojaa waliopigiwa kura.

Hata hivyo, historia niliyoisimulia inatupa kipimo, na kipimo hicho kinamfaa mteule na mchaguliwa pia. Ukiwa umekaa kwenye kiti hicho, jiulize: nani aliandika jina langu, na nikisimama kusema, macho yangu yanamtazama nani? Mteule anayewatazama wananchi ni mwakilishi wao, hata kama hawakumpigia kura. Na aliyepigiwa kura kwa maelfu, kisha akikaa kitini anamtazama mkubwa mmoja tu aliyempitisha ndani ya chama, huyo amerudi mwaka 1926 bila yeye mwenyewe kujua. Kalamu si lazima iwe ya Gavana.

Kijana wangu, natumaini umenisikia, au jirani yako mwenye gazeti atakusomea. Siku nyingine tukikutana kituoni, nishikie nafasi kwenye basi.

Hadi juma lijalo, kwa herini.